Jani la mjonso limeua bakteria maabara. Je, tayari ni dawa?

Kama uko kwenye grupu la WhatsApp la familia, ujumbe wa aina hii umeshakupitia: wanasayansi wamethibitisha kwamba majani fulani ya porini yanatibu sukari, malaria na hata saratani. Chemsha, kunywa, sambaza kwa wengine.

Mara nyingi utafiti wenyewe upo kweli. Shida ni mambo yanayopotea njiani, kati ya maabara na simu yako.

Chukua mjonso. Ndivyo Watongwe wa magharibi mwa Tanzania wanavyouita mti mdogo mchungu ambao kitaalamu ni Vernonia amygdalina. Waganda wanauita mululuuza, Wanyarwanda umubirizi. Kote huko ni dawa ya tumbo na homa tangu zamani.

Sokwe aliacha majani

Mwaka 1987, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Mahale, mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe anayejua miti ya dawa, walimwona sokwe jike mgonjwa akitafuna mjonso. Siku iliyofuata alikuwa amepata nafuu.

Habari hiyo imezunguka dunia nzima. Kinachosahaulika ni hiki: sokwe yule hakula majani. Alimenya shina, akatupa ganda, akafyonza maji ya moyo wa shina tu. Baadaye wanakemia walikuta majani na magome yana kemikali nyingi iitwayo vernodalini, ambayo kwa panya ilikuwa sumu.

Lakini subiri. Nigeria na Kamerun majani hayohayo ni mboga. Wakameruni wanapikia ndolé, chakula chao maarufu. Siri ni matayarisho: yanaoshwa na kufikichwa, mara nyingi yanachemshwa kwanza, mpaka uchungu upungue.

Kwa hiyo jani ni lilelile. Linaweza kuwa mboga, dawa au sumu, kutegemea sehemu, kipimo na matayarisho.

Maabara wanapima nini?

Majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa kwenye maji au spiriti. Kinachotoka kinawekwa kwenye kisahani chenye bakteria. Wakifa, matokeo yanaandikwa.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Hata siki inaua bakteria kwenye kisahani. Pia spiriti hutoa kemikali ambazo maji hayazitoi vizuri, hivyo chai unayochemsha nyumbani huenda si kitu kilichopimwa.

Kwenye sukari hatari ni kubwa zaidi. Ni kweli, majani ya mjonso yameshusha sukari kwa panya. Sasa mgonjwa anayetumia dawa za hospitali akiongeza juisi hii, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Akiacha dawa na kubaki na juisi, inaweza kupanda. Kote kuwili anaweza kuishia wodini.

Miti shamba si ushirikina

Dawa ya mseto unayopewa ukiugua malaria ina asili ya mmea, pakanga ya Kichina. Tu Youyou alishinda Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Yeye pia alikwama mwanzoni, kwa sababu joto lilikuwa linaharibu dawa, hadi alipotumia etha kwenye joto la chini. Kisha ikajaribiwa kwa wanyama, halafu kwa watu, hadi kipimo kikajulikana.

Mjonso nao unastahili safari hiyo. Tanzania Bara ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muuzaji wa unga wa majani mtandaoni ana mahali pa kuupeleka.

Kabla hujasambaza ujumbe unaofuata, uliza maswali matatu: Ni sehemu gani ya mmea? Ilitolewa kwa maji au spiriti? Ilijaribiwa kwenye kisahani, kwa panya au kwa watu? Kama ujumbe haujibu, usimpe mzazi wako sababu ya kuacha vidonge.