NYUMBANI AU SHULENI? NILIUNGA MKONO NISICHOKIAMINI

Nina deni la maneno lililonikaa rohoni tangu muhula wa kwanza, na nimeomba ukurasa huu ili nililipe.

Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala katika chumba cha maankuli. Hoja ilikuwa kwamba kusomea nyumbani ni bora kuliko kusomea katika shule ya umma. Katibu wetu, bila kuniuliza, aliniandika upande wa kuunga mkono. Nilipomfuata kumlalamikia alinijibu, "Dada, orodha imekwisha bandikwa." Basi nikaunga mkono. Nilitoa methali ya asiyefunzwa na mamaye, nikataja madarasa yaliyofurika na mwalimu mmoja aliyechoka, nikapigiwa makofi. Kura zilipohesabiwa upande wetu ulishindwa, nami nikafurahi kimoyomoyo.

Lakini nilipokuwa nikitembea kwenda nyumbani (sisi wa kutwa mjadala hutufuata hadi barabarani) niliona kwamba hata washindi hawakunitosheleza. Wao walisema shule ni nzuri kwa sababu kuna mpira, drama na marafiki. Kwani ni hayo tu? Mimi nilihitaji jibu la kweli, kwa maana kwetu hoja hiyo haikuwa ya kujifurahisha. Ilikuwa mezani pamoja na sufuria ya ugali.

Ndugu yangu mdogo yuko Gredi ya 7 na ana kigugumizi. Mtaala wao mpya wamtaka mtoto asimame mbele ya wenzake kila mara, aeleze kazi aliyoifanya. Akisimama yeye, neno la kwanza hukwama, na kabla halijatoka wenzake wameshaanza kumwiga. Mwaka huu ulipoanza akawa anaumwa na tumbo kila Jumatatu asubuhi, mpaka mama akatambua kwamba si tumbo. Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu yuko mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Yeye humfundisha mwanawe nyumbani kwa kuwa kijana huyo ana kifafa, na siku alipoanguka darasani wenzake walitoroka wote wakamwacha sakafuni peke yake. Mama huyo alimwambia mama yangu, "Mlete na wako, nitawafundisha wote wawili." Mama akanigeukia. "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Wasemaje?"

Jamani! Wiki hiyo hiyo ndiyo niliyotoka kushindwa.

Nianze na ninayoyajua mwenyewe. Machi 2020 shule zote nchini zilifungwa kwa sababu ya korona. Darasa la 8, Gredi ya 4 na kidato cha 4 walirudi Oktoba mwaka huo, lakini sisi wengine tulikaa hadi Januari 2021. Nilikuwa darasa la 5, ndugu yangu Gredi ya 1. Vipindi vilikuwa redioni na kwenye runinga. Runinga yetu ilikuwa imekufa, redio tulikuwa nayo pale betri zilipokuwepo. Mwalimu wa redio ana ila moja kubwa: yeye huendelea mbele hata ukiwa umeenda kuchota maji. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza mboga, kwa hivyo mwalimu nikawa mimi. Niliandika a-e-i-o-u kwa makaa nyuma ya mlango, nikashika mwiko kama mwalimu wa zamu, na ndugu yangu akaketi juu ya debe. Siku ya kwanza tulisoma sana. Ya pili tukasoma kidogo. Wiki ya tatu yale maandishi ya makaa yalikuwa yamefutika kwa migongo ya watu na hakuna aliyeyaandika tena.

Tuliporudi shule, ndugu yangu hakuweza kusoma hata neno "paka" alilokuwa akilisoma vizuri mwezi wa Februari. Mimi nilikuwa nimesahau kugawanya. Na kwenye dawati letu, ambapo tulikuwa watatu, tulirudi wawili. Wa tatu tuliambiwa amepelekwa kulea mtoto wa watu. Hajarudi mpaka leo.

Najua mtasema ile haikuwa elimu ya nyumbani, ilikuwa kufungiwa. Kweli. Ndiyo maana nilikwenda kwa yule jirani Jumamosi moja nikajionee, maana kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi sikutaka kuvutia kwangu tu.

Niliyoyaona yalinifunga mdomo. Kijana ana miaka kumi na miwili. Somo la sehemu analifanya kwa vikombe vya unga, nusu na robo na thumuni, kisha unga huo huo unapikwa chapati. Husoma gazeti kwa sauti, na mama yake humsimamisha kila anapokosea. Nilisema "gari lenye lilipita", akanirekebisha: "Dada, ni gari lililopita." Mimi, mwanachama wa Chama cha Kiswahili! Akianguka, mama yupo, anajua la kufanya, na baada ya kupumzika somo linaendelea pale lilipoachwa. Hakuna anayecheka. Nikajiambia, huyu shule ingempa nini?

Halafu tukacheza drafti. Nilimla kete tatu kwa mpigo, na kijana akaangua kilio. Si kwamba ni mtoto mbaya. Mama yake alinieleza kwa upole kwamba wakicheza wao wawili yeye humwachia ashinde, kwa sababu anamwonea huruma. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa hajawahi kushindwa na mtu. Hapo ndipo nilipoanza kupata jibu langu, ingawa bado halikuwa kamili.

Baadhi yetu hudhani kusomea nyumbani ni mambo ya Wazungu. La hasha. Mwalimu wetu wa Historia ametufunza kwamba kabla ya wamishenari kuja Rabai mwaka 1846 watoto wa bara walifunzwa na wazazi na wazee wao, na pwani kulikuwa na vyuo vya Kurani. Marekani ndiko jambo hili lilikopata nguvu za siku hizi. Mwalimu mmoja aitwaye John Holt alichoshwa na shule, akaanzisha jarida la wazazi wa namna hiyo mwaka 1977, na kufikia 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yameruhusu watoto wafundishwe nyumbani kisheria. Ujerumani nao wanakataa: mtoto sharti aende shuleni, isipokuwa kwa sababu chache mno kama ugonjwa. Kwetu Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya lazima na bila malipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, na asiyetii bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Haikumwekea njia iliyo wazi mzazi kama jirani yetu. Yeye si mhalifu, wala hamnyimi mtoto elimu, lakini kila akiona gari la serikali mtaani moyo humruka. Hilo si sawa. Nionavyo mimi, mzazi mwenye sababu kama yake aandikishwe, afisa wa elimu amtembelee kila muhula kuona mtoto anasoma nini, na mtihani upatikane bila mizunguko.

Lakini kuruhusu wachache si kusema ni bora kwa wote, na hapa ndipo niliposema uwongo siku ile ya mjadala. Nililinganisha nyumba iliyo njema kabisa na shule iliyo mbovu kabisa. Nyumba yenye mwalimu, vitabu na mama asiyetoka kwenda kutafuta riziki! Ziko ngapi hizo mtaani kwetu? Niliuliza darasani kwetu ni nani ana mzazi anayeweza kumfundisha Kemia ya kidato cha tatu. Mikono miwili iliinuliwa, na mmoja wao baadaye akasema alidhani nimeuliza habari ya Kiingereza. Mama yangu aliachia masomo darasa la 7. Ananipenda kuliko mwalimu yeyote wa shule hii (walimu mnisamehe), lakini bureti hataitoa wapi? Katika maabara yetu tunatumia bureti moja watu sita, tunagombana nani ashike na nani aandike, na hata hivyo nimeona kwa macho yangu rangi ikigeuka kwa tone moja tu. Upendo wa mama hauwezi kunionyesha hilo.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelitaja siku ile, labda kwa kuogopa. Sisi tunaishi Nakuru. Januari 2008 mji huu uliwaka moto, majirani wakafukuzana kwa sababu ya makabila yao. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nyanya yangu alikuwepo, na mpaka leo kuna nyumba asizopenda nipite karibu nazo. Mwenzangu wa dawati anatoka katika mojawapo ya nyumba hizo. Tunagawana githeri, ananikopesha kalamu, nami humwandikia Insha naye hunifanyia Hesabu (hilo la mwisho walimu msilisome). Kama ningesomea kwetu chini ya nyanya, mwenzangu huyo ningemjua kwa hadithi za moto tu. Shule ya umma ndiyo mahali pekee ambapo hakuna aliyetuuliza tunapenda kuketi na nani.

Sasa nisije nikaonekana ninawasifu wakubwa. Shule ya umma ina makosa, na kosa moja linaniuma kuliko yote. Elimu ya shule za sekondari za kutwa ilitangazwa kuwa bila malipo mwaka 2008, na tangu 2018 serikali imemwekea kila mwanafunzi shilingi 22,244 kwa mwaka. Pesa hizo huchelewa. Zikichelewa, za chakula cha mchana ndizo hutafutwa kwetu, na asiyekuwa nazo hurudishwa nyumbani. Niliwahi kukaa nyumbani siku tisa, na niliporudi walikuwa wamemaliza mada nzima ya Fizikia. Wale wanaosema kusomea nyumbani ni mchezo wa matajiri hawajui kwamba maskini nao hupelekwa nyumbani, tena bila kitabu, bila mwalimu, na bila kuulizwa kama wanaunga mkono au wanapinga. Tukitaka kupinga elimu ya nyumbani kwa dhati, tuanze na hiyo.

Na hata hivyo watu huifuata shule. Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la 1 katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kufanywa bila malipo. Angeweza kufundishwa jioni na mjukuu, akiwa kwenye kiti chake, bila kuvaa kaptura mbele ya ulimwengu. Yeye akaenda kuketi na watoto, na alikuwa bado mwanafunzi alipofariki mwaka 2009. Hufikiri sana juu ya mzee huyo asubuhi za baridi ninapoona uvivu wa kutembea kilomita tatu.

Basi nilimwambia mama hivi: ndugu yangu asitolewe shule kwa sababu ya wanaomcheka. Akitolewa yeye, wao watakuwa wamefundishwa kwamba kucheka hufukuza watu. Lakini pia asiachwe tu eti atazoea. Mama akafunga biashara siku moja, jambo ambalo kwetu si dogo, akaenda kumwona mwalimu wa darasa. Mwalimu kwa kweli alikuwa hajui. Alidhani kijana hajasoma. Wakakubaliana kwamba kwa sasa awasilishe kazi yake kwa kundi dogo la watu wanne, na wawili wanaomwiga zaidi wawe humo humo, kila mmoja na sehemu yake ya kusema mbele ya mwalimu.

Jumamosi ndugu yangu huenda kwa jirani kusoma gazeti kwa sauti, polepole, bila haraka ya mtu. Baadaye wanatandika drafti. Nimemkataza kabisa kumwachia yule kijana ashinde. Jumamosi iliyopita alimfunga mara tatu mfululizo, na kijana, ingawa macho yalimlenga machozi, alipanga kete upya akasema, "Tena."

Jumatatu tumbo bado humwuma ndugu yangu, ila siku hizi si kila Jumatatu. Na katibu, nikupe habari: mjadala ujao nitaupenda upande wa kupinga, hata kabla hujaibandika hoja.