“Mbona Wameonyesha Kwenye Muvi?” Madai Sita ya Kijiweni na Majibu Yake

Kwenye ubishi wa kijiweni, sinema ni shahidi asiyeulizwa maswali. Mmoja atasema dinosaria watarudi, mwingine atakataa, wa tatu atafunga mjadala: “Mbona wameonyesha kwenye muvi?” Wala si ajabu. Kizazi kizima cha Dar es Salaam kilijifunza habari za roketi, virusi na roboti ndani ya vibanda umiza vya video, Lufufu akitafsiri na kutia chumvi. Wakenya wakawa na DJ Afro wao. Tulicheka, tukaogopa, tukatoka na elimu isiyokuwa na mtihani.

Sina ugomvi na sinema. Nina ugomvi na madai yanayotolewa humo na kupitishwa kama sayansi. Nimeyachukua sita, na karibu yote yana kasoro moja ya kuzaliwa. Mhariri wa filamu hukata sehemu za kusubiri na za kufanya kazi, maana nani atalipa kiingilio amwangalie mtu akisubiri? Tatizo ni kwamba mtazamaji hutoka akiamini kazi yenyewe haikuwepo.

Dai la kwanza: Binadamu hutumia asilimia 10 tu ya ubongo

Dai hili ni la siku nyingi, lakini filamu ya Lucy ya mwaka 2014 ndiyo iliyolisambaza upya. Scarlett Johansson anaingiwa na dawa mwilini, ubongo unafunguka hatua kwa hatua, na Morgan Freeman analihubiri jambo hilo darasani kwa sauti ambayo hata ikisoma bei za nyanya utaiamini.

Jibu ni fupi. Ubongo una uzito wa kilo 1.4 hivi, kama asilimia 2 ya mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake. Mwili gani ungelisha kiungo ghali namna hiyo ili sehemu kubwa yake ilale? Aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa kiharusi anajua pia kwamba sehemu ndogo tu ikiharibika, mkono umekufa au maneno yamepotea. Kama asilimia 90 ni akiba, mbona kiharusi hakiangukii humo?

Ubongo hubadilika, lakini kwa jasho. Mwaka 2000 watafiti wa London waliwapima madereva teksi wa jiji hilo, ambao hukesha miaka kadhaa wakikariri maelfu ya mitaa kabla ya kupewa leseni. Waliwakuta na sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo linaloshughulikia kumbukumbu za mahali, kubwa kuliko ya watu wengine. Hakuna kidonge kilichotumika.

Dai la pili: Dinosaria wanaweza kufufuliwa, vinasaba vyao vimo ndani ya mbu

Jurassic Park ya mwaka 1993 ilitupa hadithi tamu. Mbu amnyonye dinosaria damu, anase kwenye utomvu wa mti, utomvu ugeuke kaharabu, kisha wanasayansi waje na sindano. Mapengo yanayobaki wayazibe kwa vinasaba vya chura.

Kikwazo ni muda. Vinasaba ni mnyororo, na mnyororo huo hukatikakatika baada ya kifo. Mwaka 2012 watafiti waliopima mifupa ya moa, ndege wakubwa wa New Zealand waliokwisha kutoweka, walikadiria kuwa katika mazingira yale nusu ya viungo vya mnyororo hukatika kila baada ya miaka 521 hivi. Hata mfupa ukikaa kwenye baridi ya nyuzi 5 chini ya sifuri, walihesabu, baada ya miaka milioni 6.8 hakibaki kiungo hata kimoja. Dinosaria, ukiwaacha ndege ambao ni uzao wao, walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Vinasaba vya kale zaidi vilivyowahi kusomwa, vilivyotangazwa mwaka 2022 kutoka kwenye udongo wa barafu wa Greenland, vina miaka milioni 2 hivi. Nao wadudu wa kwenye kaharabu walichunguzwa London miaka ya 1990, na watafiti wakatoka mikono mitupu.

Mbishi atauliza: “Mbona mwaka 2025 Wamarekani wamefufua mbwamwitu wa kale?” Kampuni iliyotangaza hivyo ilichukua seli za mbwamwitu wa kijivu wa leo, ikafanya mabadiliko 20 kwenye jeni zake 14. Waliozaliwa ni mbwamwitu wa kijivu waliorekebishwa wafanane na wa kale. Na hata hivyo vinasaba vya kuigia vilitoka kwenye jino la miaka 13,000 na fuvu la miaka 72,000, ambavyo mbele ya dinosaria ni vya juzi.

Kinachoniuma zaidi katika dai hili ni kwamba tunamtafuta dinosaria kwenye kaharabu ya Hollywood ilhali amechimbwa kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, na kutoa mifupa ya wanyama walioishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Kusema “Wajerumani walichimba” nako ni kuhariri filamu. Waliochimba ni mamia ya vibarua wa pale pale. Waliifunga mifupa kwa plasta na mianzi, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, mzigo uliofika zaidi ya tani 200. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyeijua kazi hiyo kiasi kwamba mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Jitu refu kuliko yote liko Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Lilisimamishwa mwaka 1937, karibu miaka 30 tangu jembe la kwanza. Kwenye sinema kazi hiyo ingepita wakati bado unamenya karanga.

Dai la tatu: Mwezini hawakufika, ile ilipigwa studio

Hoja ni zile zile: bendera inapepea ilhali hakuna upepo, nyota hazionekani, na Stanley Kubrick, aliyetoa 2001: A Space Odyssey mwaka 1968, alikodiwa kutengeneza picha. Filamu ya Capricorn One ya mwaka 1977, inayohusu safari ya uongo ya kwenda sayari ya Mirihi, ikazidi kuchochea.

Tuanze na bendera. Ilishonewa ufito juu ili isilale, na mikunjo yake ndiyo inayoonekana kama mawimbi. Nyota hazionekani kwa sababu kamera iliwekwa kwa ajili ya ardhi iliyowaka jua kali. Jaribu usiku kumpiga picha mtu aliye chini ya taa za uwanja wa mpira, uone utapata nyota ngapi. Ukitaka ushahidi usioghushika, tazama vumbi kwenye picha za gari la Mwezini. Linarushwa na magurudumu, linachora upinde na kuanguka, bila kutimka wingu. Hivyo ndivyo vumbi linavyokwenda pasipo hewa, na studio kubwa ya kuendeshea gari iliyotolewa hewa yote haikuwepo.

Kuna pia kilo 382 za mawe na udongo, zilizochunguzwa na maabara za nchi nyingi. Na walikuwepo Wasovieti, waliokuwa na mitambo ya kufuatilia angani na kila sababu ya kumuumbua Mmarekani. Mwaka 1970 chombo chao kisicho na mtu, Luna 16, kilileta udongo wao wenyewe wa Mwezini. Hawakupinga hata siku moja.

Ila wanaodai studio wanasahau zaidi watu. Karibu watu 400,000 walifanya kazi katika mradi wa Apollo. Programu ya kompyuta iliyoongoza chombo ilifumwa kwa mkono: wanawake wa kiwanda kimoja cha Massachusetts waliketi wakipitisha waya mwembamba kwa sindano, ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri, maelfu kwa maelfu. Kosa moja lingeweza kumpoteza mtu angani. Mwambie mmoja wa wale kwamba kazi yake ilikuwa maigizo.

Dai la nne: Picha ya kamera ya usalama ikikuzwa, sura itaonekana tu

Tangu Blade Runner ya mwaka 1982 mpaka tamthilia za polisi za Marekani, mpelelezi anasema “kuza hapo”, kitufe kinabonyezwa, na ukungu unageuka sura ya mtuhumiwa. Ndiyo maana duka likiibiwa, jirani huona ajabu polisi wakisema picha haisaidii.

Picha ya kidijitali ni vyumba vidogo vya rangi. Kama sura ya mwizi imeingia kwenye vyumba 16 kwa 16, basi habari zote zilizopo ni za vyumba 256. Ukiikuza unapata vyumba vikubwa, basi. Siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazotoa sura safi kutokana na ukungu huo, na hapo ndipo hatari ilipo, maana programu inabuni. Mwaka 2020 watu walichukua picha ya Barack Obama iliyofifishwa, wakaipitisha kwenye programu moja ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke. Ikatoka sura safi kabisa, ya mzungu. Yule ni rais mstaafu anayejulikana dunia nzima. Kijana wa mtaani atajitetea vipi?

Dai la tano: Sinema ndiyo iliyotangulia kuwaza simu ya mkononi

Wapenzi wa tamthilia ya Star Trek husema kifaa cha mawasiliano kilichoonyeshwa humo mwaka 1966 ndicho kilichozaa simu zetu. Hesabu inakataa. Wazo la kugawa eneo katika vijisehemu, kila kimoja na mnara wake, liliandikwa na wahandisi wa Bell Labs mwaka 1947. Tarehe 3 Aprili 1973 Martin Cooper wa Motorola alipiga simu ya mkononi barabarani New York, na ikabidi kusubiri mwaka 1983 ndipo simu hiyo iuzwe, kwa dola 3,995.

Lakini angalia matumizi makubwa ya simu katika Afrika Mashariki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kitochi kikageuka benki. Stelingi wa angani alipiga simu sayari hadi sayari, ila hakuwahi kuombwa na shangazi atume na ya kutolea. Matumizi ya chombo hubuniwa na mwenye shida.

Dai la sita: Akili mnemba itaamka siku moja ituangamize

Katika masimulizi ya The Terminator, mtambo wa Skynet unapata fahamu na kuwageukia watu. Filamu ya pili ilitaja hata siku, tarehe 29 Agosti 1997. Siku hiyo ilipita, na tuliamkia foleni kama kawaida.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanasayansi wa heshima, akiwemo Geoffrey Hinton, wanaoonya kuwa teknolojia hii inaweza kutushinda nguvu, na wasikilizwe. Ninachokataa ni picha ya mashine inayojiamkia yenyewe, bila mkono wa mtu. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuhusu vibarua wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maelezo ya ukatili na unyanyasaji, siku nzima, wakiyatia alama ili mashine ijifunze yapi ya kukataa. Baadhi walisema kazi hiyo iliwaumiza akili. Hiyo nayo ndiyo akili mnemba: ujira mdogo, mkataba, na mtu aliyeshindwa kulala.

Hasara pia imeshafika, bila roboti mwenye bunduki. Tapeli wa “ile hela tuma kwenye namba hii” sasa anaweza kuiga sauti ya mjomba wako. Anayesubiri roboti wa chuma atakuwa ameshatuma.

Basi, tuache kutazama?

Lipo na dai kutoka upande wa pili, kwa wale waliosoma kidogo: filamu inayokosea sayansi ni takataka. Nalikataa vilevile. Mlipuko wa Star Wars unasikika mahali ambapo sauti haiwezi kusafiri, na bila sauti hiyo raha ingepungua nusu. Hadithi ina sheria zake, na stelingi hafi. Tena sinema ikiwasikiliza wataalamu, hulipa. Interstellar ya mwaka 2014 ilimshirikisha mwanafizikia Kip Thorne, na kazi ya kuchora shimo jeusi ilizaa makala katika jarida la kisayansi.

Ila anayeitazama Interstellar akiwa Malindi apewe na sehemu iliyokatwa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na mji huo, ikiwa imebeba setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Setilaiti hiyo ilionyesha kuwa mionzi ya eksirei kutoka Cygnus X-1 hupanda na kushuka kwa kasi ya ajabu, dalili ya kitu kidogo chenye uzito wa kutisha. Leo Cygnus X-1 inahesabiwa miongoni mwa mashimo meusi ya kwanza kutambuliwa. Kulijua hilo hakumpunguzii mtu raha ya filamu. Kunampa haki ya kusema kwamba na sisi tulikuwa karibu na kazi hiyo ilipofanyika.