FUNDI WA MAABARA AFUNDISHWE KWA MIKONO YAKE



Wako watakaouliza: reli na maabara za Turkana zina uhusiano gani? Njia ya reli iliishia Kitale mwaka 1926, na kutoka hapo mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300 za barabara. Kakuma ni mbele tena, zaidi ya kilomita 100. Jibu letu ni kwamba mtu aliyefundishwa kazi kwa maneno matupu sisi tunamjua. Hapana awezaye kuunganisha mabehewa usiku kwa kuwa aliketi darasani akatazama picha zake. Hujifunza kwa kusimama yadini pamoja na mwenye kujua, mpaka mkono uzoee.

Basi jambo ni hili. Zamani kifua kikuu kilitafutwa kwa darubini. Fundi alipaka makohozi juu ya kioo, akatia rangi, akatazama. Lakini darubini huhitaji vijidudu 5,000 mpaka 10,000 katika mililita moja ndipo ivione. Mgonjwa mwenye vichache huambiwa hana kitu, akarudi nyumbani kukohoa kati ya watoto wake. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alibuni njia ya kuzidisha vinasaba ndani ya kichupa, iitwayo PCR. Hupashwa moto mpaka karibu digrii 95, hupoozwa, hupashwa tena, na kila mzunguko moja huwa mbili, mbili huwa nne. Hesabu ikienda sawa, mizunguko 30 huifanya moja kuwa zaidi ya bilioni. Desemba 2010 Shirika la Afya Duniani lilikubali mashine ya GeneXpert, ambayo hufanya kazi hiyo yote ndani ya kikasha kidogo, ikatoa jibu kwa saa mbili hivi, na kusema pia kama ugonjwa umekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Mashine hizo zimefika Turkana.

Hapo ndipo wakubwa hudhani kazi imekwisha. Mashine haijui kama alichotema mgonjwa ni makohozi au mate tu. Haijui kama dawa ya kuchanganyia ilitiwa mara mbili ya makohozi, wala kama fundi alingoja dakika 15 zote. Yataka chumba kisichozidi digrii 30, na Lodwar joto la mchana hupita 35 siku nyingi. Stima ikikatika katikati, kikasha kimepotea. Na wanaofanya PCR kwa mkono, bila kikasha, wana adui mwingine: chembe za kipimo cha jana, zisizoonekana kwa macho, zikiingia katika kichupa cha leo, mtu asiye na ugonjwa huambiwa anao. Kwa hiyo vyumba hutengwa, na fundi harudi nyuma na glavu zile zile.

Mambo hayo hayafundishiki hotelini Nairobi kwa siku tatu. Twasema mafunzo yaende Lodwar na Kakuma, katika joto lile na stima ile. Mwalimu akae majuma kadhaa. Kila fundi apime mwenyewe, zikiwamo sampuli ambazo jibu lake analijua mwalimu peke yake, na akikosea arudie. Saa hizo zihesabiwe saa za kazi. Akiisha kujua, mshahara uonyeshe hivyo, asije akahamia mjini mwaka wa pili na mashine ikabaki imefunikwa kitambaa.

Tena wako wakimbizi. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na katika zahanati zake wakimbizi wenyewe hufanya kazi nyingi, wakilipwa posho badala ya mshahara. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi ya ufundi akiwa na ujuzi unaotambuliwa nchini. Basi asiyepewa cheti kinachotambuliwa atabaki kwenye posho hata akijua kazi kuliko mwalimu wake. Ndugu wanaosema atatunyang'anya kazi wafikiri vizuri: ni posho yake inayoshusha mshahara wa Mturkana aliye kando yake.

Katika mkutano ujao wa tawi litaletwa azimio juu ya mambo haya, lipelekwe kwa wenzetu wafanya kazi wa maabara na kwa Serikali ya Kaunti ya Turkana. Wanachama wenye jamaa Lodwar au Kakuma waje mapema, tuwasikie wao kabla ya kupiga kura.