Tusizifute Semina za Wakunga

Pita Jaws Corner, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, jioni, kahawa ikimiminwa, uulizie habari za semina za madaktari na wauguzi. Jibu utalipata kabla kikombe hakijapoa: posho tu hizo. Watu wanakwenda hotelini, wanakula, wanasaini, wanarudi kazini vilevile. Afadhali fedha za wafadhili zinunue mashine. Rai hii imeenea hata maofisini, wala haikuzuka bure. Semina za namna hiyo zipo. Lakini kuzitazama hizo ukahukumu kwamba mafunzo kazini hayafai ni haraka mno, na ushahidi wa kuipinga hukumu hiyo uko hapa hapa mjini, Hospitali ya Mnazi Mmoja.

Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen na wahudumu wa Mnazi Mmoja walianza mradi uitwao PartoMa. Wodi ya wazazi ilikuwa ikizalisha zaidi ya kina mama 10,000 kwa mwaka, na mkunga mmoja aliweza kujikuta na wanawake watatu hadi sita wenye uchungu kwa wakati mmoja. Miongozo ya kimataifa ilikuwepo, minene, imeandikwa utadhani kila mzazi ana mkunga wake. Aisome lini mkunga huyo? Basi watafiti wakakaa na wenye wodi, wakaandika kijitabu cha kutia mfukoni: lipi lifanyike kwanza, na lipi linawezekana kwa watu waliopo. Kikafuatiwa na semina za saa chache, kila baada ya miezi mitatu, nje ya saa za kazi, kwa hiari, bila posho. Watu walihudhuria.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la uzazi la BJOG. Watoto waliozaliwa wakiwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 katika kila vizazi 1,000. Mimi hunivutia zaidi takwimu nyingine, ndogo kidogo. Kabla ya mradi, kwa kawaida zilipita dakika 120 tangu mapigo ya moyo wa mtoto yaliposikilizwa mara ya mwisho hadi mama kujifungua. Baadaye zikawa 74. Bado ni nyingi, tusidanganyane. Ila kusikiliza mapigo hakungoji mashine ya mamilioni: kunataka kifaa cha mkononi na mkunga anayejua kwa nini asichelewe.

Atatokea mjuzi aseme utafiti huo ulilinganisha kabla na baada tu, hakukuwa na hospitali nyingine ya kulinganishia. Kweli, na huenda sehemu ya nafuu ililetwa na mambo mengine. Lakini mengi yaliyobadilika wodini ndiyo yaleyale yaliyofundishwa. Anayedai kwamba semina hazibadilishi kitu ana kazi ya kueleza hilo.

Kasoro ya semina zisizofaa iko kwenye namna ruzuku za wafadhili zinavyoandikwa. Timu za madaktari wa Jiangsu, China, zinakuja Unguja tangu 1964. Wacuba wa Matanzas walianza kufundisha madaktari hapa mwaka 2007. Wanorwei wa hospitali ya Haukeland nao wana ushirikiano wao na Mnazi Mmoja. Wote tunawashukuru, lakini kila mfadhili huingia kwa mlango wake, na andiko lake, na mada aliyoichagua kwao. Muuguzi yuleyule anaweza kuitwa leo kwa malaria, wiki ijayo kwa ukunga, na zamu yake ikabaki bila mtu.

Tanzania Bara wana Mfuko wa Pamoja wa Afya tangu 1999, ambamo wafadhili kadhaa huchangia chungu kimoja. Mafunzo kazini ya Unguja na Pemba yangefaa utaratibu kama huo: kila ruzuku itoe fungu lake, na wodi zenyewe ziseme zinataka kufundishwa nini, bila posho. Utasikia, mfuko huo utaliwa. Hesabu zake zibandikwe ukutani hospitalini, kila mtu asome. Na mfuko usiolipa posho, wa kuugombania ni nani?

Kwa Wizara ya Afya ya Zanzibar nina ombi moja. Kabla ya kusaini andiko lolote jipya la mafunzo, idai ukurasa wenye majina ya wakunga, wauguzi na madaktari wa wodi husika walioshiriki kuliandika. Ukurasa huo usipokuwepo, andiko lirudishwe kwa mwenyewe.