Wapenzi wa hewa ya Goma wanisamehe, mimi nachagua baridi kavu ya Lubumbashi

Kila mwezi wa saba mabishano yaleyale hurudi kazini kwetu, hapa Goma. Mmoja anaingia asubuhi amefunga triko mpaka shingoni, analalamika baridi. Mwingine anamjibu kwamba hajui baridi ni nini. Kisha wote wananigeukia mimi, kwa sababu nilisoma Lubumbashi na wanajua tayari nitakachosema: kama hali ya hewa ingekuwa kitu cha kununua sokoni, ningechukua ile ya Katanga. Wananicheka. Wanasema Goma ina hewa nzuri kuliko miji yote ya Kongo: ziwa liko hapa, milima iko hapa, hakuna joto la Kinshasa, hakuna baridi ya kutetemeka. Leo nawajibu kwa maandishi.

Nilipoondoka hapa kwenda chuo kikuu, sanduku langu lilijaa mashati mepesi. Kwetu tuliamini kwamba ukishuka kusini ni joto tu. Usiku wa kwanza wa mwezi wa sita ulinifundisha. Mchana jua lilikuwa kali, mbingu haina hata wingu moja. Lilipozama tu, baridi ikaingia chini ya mlango. Nililala na suruali mbili. Asubuhi midomo imepasuka, na mwenzangu wa chumba, mtoto wa Likasi, akanipa kopo lake la mafuta huku akinikaribisha Lubumbashi kwa kicheko.

Sababu yake si ya ajabu. Goma iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua halituachi mbali mwaka mzima, na Ziwa Kivu linapunguza makali ya joto na ya baridi. Lubumbashi iko chini zaidi ya kilometa elfu moja kusini. Mwezi wa sita na wa saba jua liko upande wa kaskazini, upepo mkavu unatoka kusini-mashariki, na kwa kuwa hakuna mawingu ya kuzuia, joto la mchana linapotea usiku kucha. Nyuzi zinaweza kushuka chini ya 10. Mvua huanza kama mwezi wa kumi na moja hivi na kumalizika mwezi wa nne. Mwanasayansi Wladimir Köppen, aliyepanga hali za hewa za dunia kwa herufi, aliliweka kando kundi hili la baridi kavu na joto lenye mvua. Katika ramani nyingi Lubumbashi inakaa humo pamoja na Hong Kong. Nilipowaambia wenzangu hilo, walicheka zaidi.

Lakini si baridi yenyewe ninayoipenda. Napenda mvua yenye tarehe. Lubumbashi, mvua ikishaaga, mtu anajua ana miezi ya kufanya kazi zake. Watu wanachimba udongo wa vichuguu, wanafyatua matofali, wanayachoma, wanajenga. Harusi inapangwa uwanjani bila kukodi hema. Vumbi jekundu ndilo linalochosha, na mwezi wa kumi joto linakuwa kali mpaka watu wanagombana bila sababu, wakati mijakaranda imejaa maua ya zambarau barabarani kana kwamba hakuna tatizo. Halafu siku moja mvua inaanguka, na wiki chache baadaye akina mama wanauza bowa kandokando ya njia, uyoga mkubwa kama sahani. Sijawahi kula kitu kitamu kuliko bowa na bukari ya moto siku ya mvua. Hilo nakubali ni la tumbo, si hoja.

Hapa kwetu mvua haina adabu hiyo. Tunahesabu misimu miwili, mmoja kuanzia mwezi wa tisa, mwingine mpaka mwezi wa tano, lakini hata katikati yake anga inaweza kupasuka saa tisa ya mchana bila kumuuliza mtu. Kwa mwenye nyumba ya matofali kule Himbi ni burudani: anafunga madirisha, anakunywa chai. Ndiyo maana nasema wengi wanaosifu hewa ya Goma wanasifu paa lao.

Mwaka wa 2023 na 2024 nilikuwa nakwenda mara nyingi Bulengo na Kanyaruchinya, kambi za waliokimbia vita. Watu waliishi chini ya shitingi juu ya mawe ya volkano. Mawe hayo ni magumu: huwezi kusimamisha nguzo vizuri, wala kuchimba choo kirefu. Mvua ikipiga, maji yanaingia kwa juu na kwa chini, na kipindupindu kinafuata. Siku moja nilikaa na mama mmoja wa Masisi akikamua blanketi lake. Aliniambia kwamba mvua hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiiomba shambani.

Maneno yake yaliharibu hoja yangu, na sitaki kuyaficha. Masisi na Rutshuru mkulima anapanda maharage mwezi wa tisa, anavuna, anapanda tena kama mwezi wa tatu. Mara mbili kwa mwaka. Kule Katanga mahindi ya mvua ni mara moja tu. Mvua ikikosa, umekosa mwaka. Mji wa Lubumbashi unategemea sana unga wa Zambia, nchi yenye misimu kama yake. Mwanzoni mwa 2024 ukame uliunguza mahindi ya Zambia mpaka serikali ya kule ikatangaza janga la taifa. Nilipowapigia simu marafiki zangu wa chuo, kila mmoja alinizungumzia bei ya gunia la unga kabla hata ya kuniuliza habari za watoto. Kwa hiyo baridi yangu nzuri ina gharama, na hailipwi na mimi.

Bado naichagua. Ila naona aibu kidogo kwamba sisi tunaopata mvua karibu mwaka mzima tunaiacha ipotee kwenye mawe. Kiangazi chetu ni kifupi, miezi miwili au mitatu tu, na tayari kufika mwezi wa saba watoto wa Ndosho na Mugunga wanapanga foleni na mabido ya manjano, na matshukudu yanapandisha maji kutoka ziwani. Wa Lubumbashi anayekaa miezi sita bila tone ana sababu ya kukosa maji. Sisi tuna sababu gani? Mfereji wa bati na pipa moja kwa nyumba si kazi ya kungoja mradi kutoka nje.

Mdogo wangu amemaliza shule, naye anataka kwenda kusoma kule. Ameniuliza kama kuna joto. Nimempeleka Birere, kwenye nguo za mtumba, tukachagua blanketi zito na triko mbili. Mama alipoziona alidhani nampeleka mtoto wake Ulaya.