Babu hakupigana Maji Maji!

Hivi wadau, tangu ChatGPT ije mwishoni mwa 2022, kila babu amekuwa shujaa wa Maji Maji? Vita vile vilipiganwa 1905 hadi 1907. Hebu pigeni hesabu! Babu wengi wa rika letu walikuwa manamba, wakikata mkonge Tanga. Aibu iko wapi?

Programu ile haiwajui. Inakisia neno linalofuata. Ikikuta pengo, inaliziba kwa uongo mtamu. Itumie kusahihisha tahajia, kupanga habari, hata kukuandalia maswali. Ila majibu anayo bibi kijijini. Panda basi, mrekodi kwa simu yako. Akishazikwa, mashine itakuandikia bibi wa mtu mwingine. Tuache uvivu, jamani!