Fundi wa redio wa Silanga ameshamaliza nusu ya darasa

Uliza watu mtaani darubini ya redio ni kazi ya nani. Watakwambia ni ya maprofesa, tena wa majuu. Mimi nabisha. Nusu ya hiyo kazi inafanyika kila siku pale Silanga, kwenye meza ya mbao iliyojaa waya na redio zilizokufa.

Cheki hivi. Pamoja FM, redio yetu ya Kibera, iko kwenye megahezi 99.9. Mawimbi hayo yana kasi sana, ni ngumu kuyachuja vizuri yakiwa hivyo. Kwa hivyo ndani ya redio kuna sakiti ndogo inayotoa mawimbi yake yenyewe, kwa kawaida 110.6. Hiyo ndiyo osileta. Redio inachanganya mawimbi hayo mawili na kushika tofauti yao, 10.7. Ukienda stesheni nyingine, osileta inahama nawe, lakini tofauti inabaki 10.7. Fundi akiletewa redio ambayo stesheni inatoroka yenyewe, anajua pa kuanzia.

Sasa panda juu. Ile picha ya shimo jeusi iliyotolewa Aprili 2019 ilitokana na mawimbi ya redio ya takriban gigahezi 230, zaidi ya mara 2,000 ya masafa ya Pamoja FM. Ujanja ni ule ule: osileta, kuchanganya, tofauti. Shida ni kwamba ishara ya kutoka angani ni hafifu mno, hadi joto la chombo chenyewe linakuwa kelele. Ndiyo maana sehemu ya kuchanganya hutengenezwa kwa niobi, chuma ambacho kikipozwa chini ya nyuzi -264 hivi hupitisha umeme bila kizuizi chochote. Chombo kinakaa kwenye -269. Hiyo baridi si mchezo.

Kuna walioenda mbali zaidi, wakaunda hata osileta yenyewe kwa niobi. Wazo lilitoka kwa Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge, mwaka 1962, akiwa na miaka 22. Alisema ukitenganisha vipande viwili vya chuma cha aina hiyo kwa utando mwembamba sana, kisha uvipe volteji, umeme utaanza kucheza wenyewe kwa kasi ya ajabu. Milivolti 1 tu inakupa gigahezi 483.6. Betri ya rimoti yako ina milivolti 1,500! Mwaka 2009 puto lilipaa kutoka Kiruna, Sweden, likiwa na osileta kama hiyo, kazi ya Warusi na Waholanzi, ili kusikiliza gesi za angani. Osileta na kichanganyi vilikaa kwenye chipu moja ya milimita 4 kwa 4.

Utaniambia fundi wa Silanga hawezi kuunda chipu hiyo. Kweli, hawezi, na mhandisi mwingi wa Nairobi pia hawezi. Inatoka kwenye maabara chache sana duniani. Lakini darubini si chipu pekee. Kuna pampu za kupoza, nyaya, vikuza-sauti, jenereta, na stima ikipotea usiku lazima mtu aamke. Hapo panahitajika mikono iliyozoea kufufua kitu bila kitabu wala spea.

Na kazi hizi zinakuja Afrika. Ghana ilizindua dishi lake la zamani la mawasiliano kama darubini mwaka 2017. Namibia inapanga darubini ya mawimbi ya milimita, na huko ndiko niobi hutumika. Kenya ni mshirika wa Afrika Kusini katika mradi wa SKA, na dishi la Longonot limetajwa kwa miaka kama linaloweza kugeuzwa vivyo hivyo. Longonot ni la masafa ya chini, halihitaji baridi ya aina hiyo, kwa hivyo ni pazuri pa kuanzia.

Wasiwasi wangu ni tangazo la kazi litakavyoandikwa: "Awe na digrii." Nasema hivi nikiwa na maslahi, maana karo yangu iliisha kabla ya masomo. Lakini serikali yenyewe ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na NITA hupima mafundi kwa mikono yao. Basi itumike. Siku Longonot itakapoajiri, iwekwe meza, redio mbovu, na saa moja. Anayeifufua na kueleza ilikuwa na nini, aingie mafunzo, awe na karatasi au asiwe nayo.

Digrii tuwaachie wanaotafuta fomula mpya. Ile ya osileta mtaa unaijua tayari.